Kabla ya kununua difu nyingine ya Patrol, pima uliyo nayo

SWALI: Assalam aleikum fundi. Nina Nissan Patrol ya 1993, dizeli ya 4.2, nayo ndiyo inayovuta boti yetu ya uvuvi kutoka ufukweni huku Mtwapa. Kwa miezi kadhaa sasa, nikipanda mchanga na trela nyuma, tairi moja la nyuma huzunguka peke yake na jingine limetulia tuli. Tena nikikata kona kali, kama kwenye raundabauti au ninapojipanga foleni ya feri Likoni, huku nyuma kunanguruma na gari linatetema, kisha linanyamaza nikinyoosha usukani. Oili ya difu nimebadilisha mara moja, nikaweka ya kawaida. Fundi wa kwanza anasema difu imekufa, ninunue nyingine nzima ya eks-Japan. Wa pili anataka kuichomelea ndani iwe ngumu moja kwa moja. Nishike la nani?

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Usishike la yeyote kwa sasa. Katika wote wawili hakuna aliyeipima difu yako, na difu ya LSD (kwa Kiingereza limited-slip differential, yaani mkusanyiko wa gia katikati ya ekseli unaogawa nguvu kwa matairi mawili na kupunguza moja kuzunguka peke yake) ni kitu kinachopimika ikiwa bado imefungwa chini ya gari, bila kulegeza nati yake hata moja.

Tuanze na ulivyoeleza, maana dalili zako mbili zinapingana. Tairi moja kuzunguka peke yake ni dalili ya klachi za ndani ya difu zisizoshika. Kunguruma na kutetema konani ni dalili ya klachi zinazoshika, ila zinashika kwa fujo: zinabana, zinaachia, zinabana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Klachi iliyokwisha kabisa haina nguvu ya kutetemesha gari zito kama Patrol. Ndiyo maana sikubali upesi kwamba difu imekufa. Nikisoma kwamba uliweka oili ya kawaida, shaka yangu inahamia huko kwanza.

Difu ya kawaida huyapa matairi mawili nguvu sawa. Lami inapokuwa kavu hakuna shida. Mchangani ni balaa, kwa sababu tairi lililo kwenye mchanga mlegevu linahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, na lile lililokanyaga pagumu halipewi zaidi ya hicho hicho kidogo. Difu ya LSD imeongezewa pleti za chuma, nyembamba, zilizopangwa kwa kupokezana. Moja ina meno kwa ndani yanayoshikana na gia ya pembeni, ile inayozungusha hafushafti, chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu. Inayofuata ina masikio kwa nje yanayoshika ganda la difu, ambalo huzunguka pamoja na krauni, ile gia kubwa ya difu. Pleti hizo ndizo klachi nilizozitaja. Springi yenye umbo la sahani huzibana pleti hizo wakati wote, kidogo. Halafu unapokanyaga mafuta, msalaba unaobeba gia ndogo za kati unajaribu kupanda miteremko iliyochongwa kwenye pete mbili nene, pete zinasukumwa kando, na pleti zinabanwa kwa nguvu zaidi. Kazi hii ilianza kwenye magari ya mbio: mwaka 1935 Ferdinand Porsche aliiagiza kampuni ya ZF ya Ujerumani itengeneze difu ya kupunguza mzunguko wa tairi moja kwa ajili ya magari ya Auto Union, ambayo yalikuwa yanaunguza tairi moja la nyuma hata yakiwa mbioni.

Kwa hivyo mbano uko wa aina mbili: ule wa springi, ambao upo siku zote, na ule unaokuja kwa mzigo. Tairi moja likikosa kabisa pa kukanyaga, mzigo haupo, na kinachobaki ni springi peke yake. Hata LSD mpya kabisa inaweza kukuacha hapo tairi moja likizunguka. Ukitaka kuisaidia, kanyaga breki ya mguu kidogo sana huku ukiendelea na mafuta polepole. Tairi linalozunguka likipata kizuizi, msalaba unapanda miteremko yake, klachi zinabana, na tairi la pili linaamka. Madereva wengine hutumia hendbreki kwa hili, lakini kwenye Patrol yako haitafaa kitu. Hendbreki yake haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya boksi la transfa, lile linalogawa nguvu za mbele na nyuma, na inashika propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Ukiivuta unazuia difu nzima. Jambo hilo la hendbreki lishike vizuri, nitalirudia tukifika kwenye jeki, kwa sababu linaweza kuua mtu.

Punguza pia upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani na trela. Ukiwa na psi 35 unachimba shimo. Ukishuka hadi 18 au 20 tairi linatandaza mguu wake na kuelea. Jaza tena kabla ya kurudi lami. Nimeona watu wakilaumu difu kwa kosa la upepo.

Sasa, kabla hujaingia chini ya gari, ondoa washukiwa wengine. Hakikisha hukati kona ukiwa kwenye 4x4. Patrol ya kizazi chako haina difu ya katikati, kwa hivyo ukiacha 4H (magurudumu yote manne yakivuta) juu ya lami na friiwili za mbele, vile vifungo vya kwenye hab za magurudumu, zimefungwa, ekseli ya mbele na ya nyuma zitagombana kila kona, na mtetemo wake unafanana sana na huo ulioueleza. Weka 2H (ya nyuma tu yakivuta), zungusha friiwili zote mbili kwa mkono hadi alama ya kufungua, kisha ujaribu tena. Tazama pia kwenye dashibodi kama kuna swichi ya kufunga difu ya nyuma. Patrol nyingine zilitoka na difu ya kufungwa kwa vakyumu badala ya LSD, na swichi iliyoganda au paipu ya vakyumu iliyopasuka ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye dawa nyingine.

Matairi ya nyuma yawe mamoja. Simaanishi namba ya ubavuni tu. Moja jipya na moja lililokwisha hutofautiana mzunguko, na tofauti hiyo huzifanya klachi za LSD zisuguane hata unapokwenda moja kwa moja kutoka Mtwapa hadi Malindi. Piga chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mzunguko mmoja, pima kwa futi ya fundi cherehani. Fanya hivyo kwa matairi yote mawili. Yakipishana zaidi ya sentimita 1, panga upya matairi kabla ya kugusa difu, la sivyo hata pleti mpya zitaliwa. Shika pia krosi za propela uzitikise, na inua kila gurudumu usikilize beringi yake. Mlio wa difu ya LSD huja konani na hupotea ukinyoosha. Mlio unaokufuata barabara nzima na kupanda pamoja na spidi ni wa beringi au wa krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, na huo si mada ya leo.

Kisha pima. Fanya kipimo hiki kabla ya kubadilisha oili, ukirudie baada yake, kwa sababu tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuambia ukweli.

Simamisha gari mahali palipo sawasawa, sakafu ngumu, si kwenye mchanga wala mteremko. Weka kabari nzito za mbao mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele. Hapa ndipo hendbreki inapohusika. Kwenye Patrol, ukiinua tairi moja tu la nyuma, hendbreki haiwezi tena kulizuia gari hata ukiivuta hadi mwisho: propela imeshikwa, lakini difu inaruhusu tairi lililo juu kuzunguka upande mmoja na lililo chini kuzunguka upande wa pili. LSD iliyochoka haitazuia hilo. Gari linaondoka juu ya jeki. Kabari ndizo zinazolishika, hakuna kingine, na baada ya kabari weka stendi chini ya ekseli. Usiiache jeki ya haidroliki ibebe gari peke yake hata kwa dakika moja.

Inua tairi moja la nyuma, la pili libaki chini. Gia nyutro, transfa 2H, hendbreki imeachiwa. Toa gurudumu lililo juu. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha bati nene, akitoboe kulingana na nati 6 za gurudumu lako, na katikati yake achomelee nati moja kubwa. Kifunge kwenye hab, kisha zungusha kwa spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kuzungusha. Kama huna spana hiyo, na garaji nyingi ndogo hazina, mwambie achomelee chuma kirefu cha mita 1 kamili kuanzia katikati ya hab. Kielekeze juu wima, ndoana ya mizani ya kuning'iniza samaki uifunge kwenye ncha yake, halafu uvute mizani kwa upande, pembe mraba na chuma. Kwa kuwa chuma kimesimama wima, uzito wake hauingii kwenye hesabu. Kila kilo inayosomeka ni karibu Nm 10 (Nm, yaani newton mita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nyinyi wavuvi mizani hizo mnazo, na kwa kazi hii zinatosha.

Soma namba pale difu inapoanza kuachia, kisha endelea kuvuta polepole usome inapozunguka. Namba kamili ya difu yako imo kwenye kitabu cha matengenezo cha Nissan, na hiyo ndiyo hakimu. Ila hata kabla ya kukifungua kitabu, kipimo kinasema mengi. Ukipata Nm 10 au 15 tu, huo ni ukinzani wa beringi na oili nzito, klachi hazishiriki tena. Ukipata makumi kadhaa ya Nm na mzunguko ni laini, klachi zingali na uhai, na tatizo lako la mchangani pengine ni upepo wa matairi na namna ya kuendesha. Na ukikuta namba kubwa inayoruka, inakamata na kuachia kwa mishtuko mkononi mwako, hapo umeushika mtetemo wako wa Likoni kwa mkono. Hiyo ni oili isiyofaa, au pleti zilizong'aa na kuwa kama kioo, au vyote viwili.

Wengi huinua matairi yote mawili na kuzungusha moja kuona jingine linakwenda upande gani. Yakienda upande mmoja wanasema LSD nzima, yakipishana wanasema imekwisha. Ni kipimo cha haraka na kinaonyesha kilichokithiri tu. Difu iliyobakiza robo ya nguvu yake inaweza kukupa jibu zuri kwa njia hiyo na bado ikakuangusha mchangani.

Sasa oili. Anza kwa kulegeza nati ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini. Nati ya kujazia iliyokula kutu na chumvi ikikataa baada ya wewe kumwaga oili yote, gari halitoki hapo. Mwaga kwenye karai safi, gari likiwa limetembea na difu ina joto. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji, na kwa gari linalorudi nyuma hadi majini kila siku sitashangaa ukiikuta hivyo. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema klachi zilichemka. Uji wa kijivu juu ya sumaku ya nati ni kawaida, na difu ya LSD huutoa kwa wingi kuliko nyingine. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha, au ncha ya jino, si kawaida. Hapo usijaze tena, fungua.

Oili ya kuweka ni ya daraja la GL-5 iliyoandikwa wazi LSD kwenye mkebe, 80W-90, au 85W-140 kama kazi yako ni kuvuta mzigo kwenye joto hili la pwani. GL-5 ya kawaida inalinda meno ya krauni vizuri tu. Inachokosa ni dawa inayolainisha namna pleti zinavyoteleza na kushika, na bila dawa hiyo pleti zinarukaruka badala ya kuteleza. Dawa hiyo inauzwa pia kwenye vichupa vidogo vya kuongezea. Ukiitumia, fuata kipimo cha kichupa. Ukizidisha, kelele itanyamaza kabisa na mshiko utapotea pamoja nayo, utakuwa umenunua difu ya kawaida kwa bei ya kichupa. Nunua mkebe wenye lakiri, duka unaloliamini, kwa maana oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji haina anayejua ilikotoka.

Kama ya zamani ilikuwa na maji, jaza, tembea kilomita chache, mwaga tena, ndipo ujaze ya kukaa. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limelala sawa. Kisha tafuta uwanja mpana uendeshe polepole ukichora umbo la namba 8, mara 10 hivi, usukani ukiwa karibu umefika mwisho kila upande. Oili ya zamani imeganda katikati ya pleti na haitoki kwa kwenda moja kwa moja. Lazima pleti zisuguane ndipo oili mpya ipenye. Baada ya siku chache za matumizi ya kawaida pima tena kwa mizani yako. Kwa dalili ulizoandika, sitashangaa mtetemo ukipungua sana au ukaisha. Kama umeisha na namba ya toki ni nzuri, kazi imekwisha kwa gharama ya oili.

Ikiwa namba imebaki ya chini, fungua. Sehemu hii mpe fundi aliyezoea krauni, lakini kaa karibu uone anavyofanya. Difu ya nyuma ya Patrol hutoka kipande kizima kwa mbele ya ekseli baada ya propela na hafushafti kutolewa. Ni mzigo mzito, utolewe na watu wawili na jeki. Kabla ya kulegeza chochote kwenye meza, apime uchezaji wa meno ya krauni kwa saa ya kupimia, sehemu tatu au nne za mzunguko, na aandike. Difu nyingi za ukubwa huu huwa kati ya milimita 0.13 na 0.20. Kofia za beringi za pembeni zipigwe alama, kushoto na kulia, kwa kuwa zilichongwa zikiwa mahali pake na hazibadilishani. Nati za kurekebishia pembeni nazo ziwekewe alama. Pinioni isiguswe. Kama haina mlio na haivuji, hakuna sababu ya kuigusa, na anayeifungua bila sababu anaongeza kazi ya siku nzima na uwezekano wa difu kuanza kulia.

Ganda likifunguka, pleti zitoke kwa mpangilio na zilazwe kwenye kitambaa vile vile zilivyotoka. Hapa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, ndiyo kila kitu. Pima unene mahali panaposuguana, halafu pima sikio la pleti hiyo hiyo, ambalo halisuguani na kitu na bado lina unene wake wa kiwandani. Tofauti ikizidi milimita 0.1, mimi pleti hiyo simrudishii mtu. Huna haja ya kujua unene wa pleti mpya, pleti yenyewe inabeba ushahidi wake. Ilaze kwenye kioo kinene ukapitishe fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Iliyopinda huonekana mara moja, na mara nyingi ina madoa ya bluu ya joto. Springi ya sahani nayo huchoka: ilaze karibu na mpya uone kama imelala chini zaidi. Angalia mwisho msalaba na miteremko ya zile pete nene. Ukikuta mfereji unaoshika kucha, pleti mpya peke yake hazitatosha, kwa sababu msalaba utakwama kwenye mfereji huo badala ya kupanda.

Pleti mpya ziloweshwe kwenye oili ya LSD usiku kucha kabla ya kufungwa. Jumla ya unene wa rundo la kushoto na la kulia zilingane, na ndiyo sababu fundi mzuri hupima kila moja na kuzichanganya hadi zilingane. Pleti nene zaidi kidogo za kurudisha mbano zinapatikana, na ni halali kuzitumia. Lakini usimruhusu mtu akukereze pleti au washa (pete ya bati ya kuongezea unene) kutoka kwa bati lolote lililo karibu na mashine. Mafundi wetu wa kukereza ni hodari, nawaheshimu, ila bati laini lisilotiwa ugumu litasagika ndani ya oili na vumbi lake litaingia kwenye beringi za krauni. Na mbano usizidishwe kwa tamaa ya mchangani. Difu iliyobanwa kupita kiasi husukuma gari moja kwa moja konani, na mvua ya kwanza ya Aprili inapochanganyika na vumbi na oili ya barabarani, Patrol yenye trela itakataa kupinda.

Bolti za krauni zirudishwe kwa gundi ya nyuzi na kwa toki ya kitabu, kwa mpango wa msalaba. Uchezaji wa meno urudi pale pale ulipoandikwa. Apake rangi nyepesi kwenye meno machache na azungushe aone alama ya mgusano imekaa katikati ya jino. Kisha rudia kipimo cha mizani juu ya meza au chini ya gari, uandike namba mpya. Baada ya kilomita 1,000 hivi mwaga oili, kwa kuwa pleti mpya hutoa uchafu mwingi mwanzoni.

Kuhusu difu nzima ya eks-Japan, sikukatazi. Nakutahadharisha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo Patrol za umri wa yako haziingii tena Kilindini zikiwa nzima. Kilichoko madukani ni difu zilizong'olewa, za umri ule ule wa yako, nyingi kutoka kwa gari ambalo Japani huitwa Nissan Safari. Inaweza kuwa imechoka kuliko uliyo nayo, au isiwe LSD kabisa. Muuzaji akubali uipime kwa mizani ile ile kabla hujalipa, na akikataa, umepata jibu. Hesabu meno ya krauni na ya pinioni. Patrol hizi zilitoka na reshio tofauti: meno 37 kwa 9 ni 4.11, na 37 kwa 8 ni 4.625, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukifunga nyuma reshio isiyolingana na ya mbele, 2H itakwenda bila shida, halafu siku utakayoweka 4x4 ekseli mbili zitavutana hadi kitu kivunjike, na kitakachovunjika ni cha bei zaidi ya difu. Hesabu pia meno ya hafushafti. Pleti mpya, kwa upande mwingine, zipo, kwa sababu Australia na nchi za Ghuba bado zinazithamini sana Patrol hizi na kuzitengenezea spea. Mwenye duka mwenye mkono wa Dubai anaweza kukuagizia.

Kuchomelea, hapana. Kwenye gari la shamba lisilotoka mchangani kuna mantiki yake. Yako inapita lami kila siku, inabeba watu, inavuta boti. Difu iliyochomelewa hulazimisha matairi mawili kwenda sawa kila kona, na kwa kuwa la nje lina safari ndefu zaidi, moja lazima liburuzwe. Matairi yatakwisha, hafushafti itabeba msokoto isioutengenezewa, na kwenye lami iliyolowa nyuma inaweza kuhama bila taarifa. Tena gia za ndani, ganda na pete zilizochomelewa hazirudi tena kuwa LSD.

Kama uliikuta oili ya maziwa, shughulikia njia iliyoingiza maji, au utanunua oili ya LSD kila mwezi. Juu ya ekseli kuna kipumulio. Difu iliyotoka barabarani ina joto, na ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya bahari hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kipumulio kikiwa kimeziba, maji hupita kwenye sili. Kikiwa wazi lakini kimezama, hupita hapo hapo. Funga paipu ya mpira inayostahimili oili kutoka kwenye kipumulio hadi juu, ndani ya boneti au nyuma ya taa, na ifungwe isining'inie. Ukifika ufukweni acha gari lipoe nusu saa kabla ya kurudi nyuma majini, wakati huo mnapanga nyavu. Ukitoka, mwagia ekseli na hab maji baridi ya bomba.

Niandikie namba tatu: mizani ilisoma ngapi kabla ya kubadilisha oili, ilisoma ngapi baada ya namba 8 zile, na matairi ya nyuma yamepishana kiasi gani. Ongeza rangi ya oili uliyoikuta kwenye karai. Kwa hizo nitakuambia kama kuna haja ya kufungua.